Mzozo wa Kioo Mpakani

Walimu wenzetu wanaofundisha mbali na pwani watakubaliana nasi kwamba lugha hukua upesi pale ambapo watu wana haja kubwa ya kuelewana. Busia ni mahali pa namna hiyo. Ni mji wa jina moja uliopasuliwa na mpaka wa Kenya na Uganda. Na upande wa Uganda, si mbali sana na hapo, uko mji wa Tororo chini ya mwamba wake mkubwa. Wasamia, Wateso, Waluo, Wapadhola na Waganda hukutana sokoni, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili huwapatanisha. Inasimuliwa kwamba neno "bodaboda" lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria baina ya vituo viwili vya mpaka huku wakilitaja jina la Kiingereza la mpaka huo. Leo neno hilo latumika tangu Mombasa hadi Kampala.

Haikutushangaza, basi, kukuta katika pande hizo mzozo ambao nusu yake ilikuwa ni neno.

Waliokuwa wakizozana ni wapiga picha. Msimu wa mahafali na harusi, mafundi wa pande mbili za mpaka hukutana penye shughuli, na wakati wa kumngoja mgeni rasmi huzungumzia vyombo vyao. Siku moja tuliketi nao chini ya mwembe wa shule. Kijana wa Tororo alikuwa ameomba mkopo katika chama chao cha akiba, auze kamera yake pamoja na lenzi zake zote, anunue kamera ya aina mpya ambayo wenzake huiita "miralesi", yaani isiyo na kioo. Mdhamini wake alikuwa fundi mmoja mzee wa Busia aliyeianza kazi hii zama za filamu, na sahihi ya mzee huyo ilikuwa bado haijatiwa.

"Mwanangu," alisema mzee, "kamera isiyo na kioo itaona kwa kitu gani? Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

"Mzee wangu," alijibu kijana kwa adabu, "kioo cha kuonea kipo. Kilichoondolewa ni kile kingine."

Hapo ndipo sisi walimu tulipotega sikio. Katika Kiswahili, "kioo" ni kile cha dirisha kinachopitisha mwanga, na pia ni kile cha kujitazamia kinachourudisha. Mzee, ambaye tangu ujana wake aliita lenzi "kioo", alifikiri mwenzake anataka kununua kipofu. Kijana naye alikuwa akisema habari ya kioo cha ndani. Kila mmoja alikuwa na haki katika maana yake.

Yafaa tueleze. Katika kamera ile iliyozoeleka, inayojulikana kwa herufi DSLR, mwanga huingia kwa lenzi, ukapiga kioo kilichoinamishwa ndani, ukapandishwa hadi kwenye tundu la kuchungulia. Kitufe kikibonyezwa, kioo huruka juu, na mwanga hupita hadi kwenye kihisi kilichoshika mahali pa filamu. Mlio ule tunaousikia kanisani bwana harusi anapovishwa pete hutokana kwa sehemu na kioo hicho. Mtindo huu si wa jana: kamera ya Kijerumani iitwayo Kine Exakta iliutumia kwa filamu ya milimita 35 tangu mwaka 1936. Ama kamera ya pili, mwanga wake huenda moja kwa moja kwenye kihisi, na anayechungulia huona skrini ndogo ya umeme. Panasonic ilitoa ya kwanza ya namna yake mwaka 2008. Na mwaka 2018 Canon na Nikon nazo zikaingia njia hiyo kwa kamera zao za kihisi kikubwa.

Maana ilipokwisha kutengana, mzozo uligeuka kuwa mashauri. Mzee alisema kwamba tundu la kioo halili umeme, kwa hiyo betri moja humfikisha jioni, jambo kubwa kwa mtu anayefanya kazi vijijini. Akaongeza kwamba katika kamera nyingi zisizo na kioo, lenzi ikitolewa kihisi hubaki wazi kwa vumbi. Kijana alisema kwamba kamera mpya inaweza kupiga bila mlio, na kwamba huona picha ilivyo kabla ya kuipiga. "Na wateja wangu wana simu," alisema, "na simu haina kioo cha ndani. Nisipowapa kisichowezekana kwa simu, watanilipia nini?" Mzee hakuwa na jibu la haraka. Alikumbusha tu kwamba mchagua jembe si mkulima, kisha akauliza swali la fundi: lenzi za zamani zitakwenda wapi? Kijana akakiri kwamba kwa kiungo kinachouzwa peke yake zingeweza kufungwa katika kamera mpya. Mzee akatia sahihi, kwa sharti kwamba lenzi zisiuzwe na mkopo upunguzwe kwa kiasi hicho.

Tumelifikiri sana jambo hili. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na wengi wetu tulishangilia. Lakini urasmi hautoshi ikiwa fundi akitaka kukopa hana neno la kumwelezea mdhamini wake. Lugha yetu tayari ina kitenzi "kuakisi". Kwa nini ile yenye kioo tusiiite "kamera akisi", na hii nyingine "kamera nyoofu", kwa kuwa mwanga wake haukunjwi? Jina linalosema kazi ya kitu lafaa kuliko linalosema tu alichokosa.

Hatulazimishi. Bodaboda haikupitishwa na kamati yoyote. Wenye baiskeli waliitamka, abiria wakaielewa, ikadumu. Walimu na tuyapeleke mapendekezo yetu chini ya miembe, kwa wenye kazi, nao watayapima kama wanavyopima lenzi: kwa kuyatumia.