Ile gari iliyozama ufukweni: leo nasema ukweli

Wadau, najua wengi wenu mliiona ile video. Staa wetu mmoja wa kike (simtaji, mnaomjua mnamjua) kasimama pekupeku ufukweni kule kusini ya Kigamboni, gari nyeupe imezama mpaka kwenye bampa, nyuma kuna tela la kulala limeinama upande kama ng'ombe mgonjwa. Mlimkandia siku tatu mfululizo. Mara "anaigiza uzungu", mara "si angelala hotelini tu". Mi nilikuwa nasoma kila komenti na nimekaa kimya.

Leo nasema. Ile gari sio yeye aliyeichagua. Niliichagua mimi.

Ilikuwa hivi. Dada alikodi tela, lile la kukokotwa nyuma ya gari, ndani lina kitanda, jiko na tangi la maji. Mpango ulikuwa kulala ufukweni usiku mbili na kupiga picha za kibiashara. Akaniambia, "Mdogo wangu, we tafuta gari ya kulivuta, hela hii hapa." Kwa mtu kama mimi niliyekuwa naanza, hiyo ilikuwa nafasi ya kutoka. Nikikosea naweza nisiitwe tena.

Sasa mimi nina mjomba Mbagala, ana Land Cruiser mkonga ya zamani. Injini 1HZ, dizeli, lita 4.2, silinda 6, haina turbo wala mbwembwe. Rangi imepauka, mlango wa nyuma unafungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikaenda kumuuliza, maana amewahi kuendesha magari ya mradi porini miaka mingi.

Akaniambia, "Mpwa, tela kwenye lami ni mzigo. Kwenye mchanga ni nanga. Gari inasukuma mchanga wake, halafu inaburuza na tairi za tela ambazo hazijiendeshi. Kwa hiyo usiniulize gari gani nzuri. Niulize maswali manne."

Swali la kwanza, je, ina L4, yani ile gia ya chini kabisa inayoongeza nguvu kwenye tairi? Gari nyingi za mjini zinaitwa 4WD lakini hazina L4. Zinafaa kwenye tope dogo na mvua. Ukizikamua kwenye mchanga na mzigo nyuma, mfumo unapata moto na unajizima wenyewe.

La pili, nguvu yake inapatikana wapi? Mchangani unataka injini inayovuta ikiwa inazunguka taratibu. Ukisubiri mpaka ipige kelele ndo ipate nguvu, tairi zinachimba tu.

La tatu, tela lina uzito gani likiwa limejaa? Sio tupu, limejaa. Maji lita 100 peke yake ni kilo 100. Jumlisha jenereta, magodoro, makreti ya vinywaji. Halafu uangalie gari inaruhusiwa kuvuta kilo ngapi, na kwa mchanga ubaki mbali na huo mwisho.

La nne, tairi za tela zinapita kwenye alama za tairi za gari? Zikipishana, tela linachimba njia yake jipya na gari inalipia.

Mwisho akasema, "Na upepo. Ukifika mchangani shusha tairi zote mpaka 18 au 20, na za tela pia. Tairi ikilala inakanyaga eneo kubwa, haizami. Ukirudi kwenye lami jaza." Akamalizia, "Chukua mkonga. Weka mafuta tu, sitaki hela."

Nilimjibu sawa mjomba. Ila kichwani nilikuwa naona ule mpira wa baiskeli kwenye picha za dada. Wadau, nilimwonea aibu mjomba wangu. Nikampigia dada nikamwambia mkonga upo kwa fundi. Nikakodi ile nyeupe, inang'aa, viti vya ngozi. Haina L4. Nilijua haina.

Siku yenyewe tulifika saa sita mchana, maji yamekupwa, ufukwe mpana kama uwanja wa ndege. Dereva alikuwa mimi. Sikushusha upepo kwa sababu sikubeba pampu ya kurudishia. Tulienda kama mita 200 hivi, nikasimama ili dada ashuke kupiga picha. Kuondoka, tairi zikazunguka. Taa ikawaka kwenye dashibodi. Nikakanyaga mafuta zaidi, na ndo kosa, maana kila ukikanyaga unajichimbia kaburi. Dakika mbili tu gari imekaa kwa tumbo.

Tukachimba kwa mikono. Akapita mzee mmoja mvuvi, tukamsalimia shikamoo, akaitikia halafu akaangalia bahari. "Wanangu, mwezi mpevu ulikuwa juzi. Leo ni bamvua. Saa kumi na moja maji yatakuwa pale kwenye mnazi." Mnazi ulikuwa nyuma yetu.

Hapo mwili ukaniisha nguvu. Gari sio yangu, tela sio la dada, na kitambulisho changu kimebaki kwa mwenye gari. Saa nane nikampigia mjomba. Hakuuliza kitu. Alisema, "Tuma mahali ulipo. Likatieni tela, anzeni kuchimba mbele ya tairi."

Alifika saa kumi na robo, maji yanalamba tairi za tela. Alikuwa ameshashusha upepo. Akashusha na zetu, akapanga makuti mbele ya tairi. Kijana mmoja alitaka kufunga kamba kwenye kile kipira cha kuvutia tela, mjomba akamzuia kwa ukali: kikikatika kinaruka kama risasi, kinaua mtu. Akafunga kwenye ndoano ya chasisi. Mkonga ukanguruma taratibu, L4, gia ya pili, gari ikatoka. Akarudi kuchukua tela. Lilipotoka maji yalikuwa magotini kwetu.

Sasa hapa ndo pananiuma. Dada alimshukuru sana, halafu kwa heshima tu akamuuliza, "Mjomba, kumbe gari imeshatoka kwa fundi?"

Mjomba akaniangalia. Sekunde mbili hivi, lakini nilitamani maji yanifunike.

"Imetoka mama," akajibu. "Imetoka leo asubuhi."

Akajaza upepo, akaondoka. Hajawahi kulitaja jambo hilo mpaka leo.

Dada alilipa laki sita kwa mwenye tela, maana bearingi na breki zilikula chumvi. Video ikavuja, mkamtukana yeye. Hakunitaja hata mara moja. Watu wawili wamenisitiri, na wote nilikuwa nimewadanganya.

Kwa hiyo ukiona mtu anachagua gari ya kuvuta tela kwenye mchanga, mpe yale maswali manne. Mimi nilikuwa na majibu yote mfukoni, nikachagua kwa macho ya watu.

Wiki iliyopita dada amenipigia, anataka kurudi kule kumalizia kazi. Kauliza kama mkonga wa mjomba unapatikana. Nimemwambia nitamjibu, ila kuna kitu nataka akisome kwanza.

Dada, ndo hiki. Mkonga haukuwa kwa fundi.