Ubao wa Picha Katika Viwanja vya Singida

Msafiri atokaye Dodoma kwa njia ya Manyoni na Ikungi huutambua mji wa Singida kwa majabali yake. Mawe makubwa yamesimama kando ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na jua lipunguapo ukali watoto huyaparamia, huku wakiitana kwa Kinyaturu, kwa Kinyiramba na kwa Kiswahili. Kaskazini ya mkoa, upande wa Mkalama, wako Wadatoga na Wahadzabe, ambao lugha zao hazina udugu na za Kibantu wala baina yao wenyewe. Ni nchi yenye ndimi nyingi.

Lakini, ndugu msomaji, yuko mtoto asiyeitana na wenziwe kwa lugha yoyote. Mwenye mtindio wa ubongo aghalabu huelewa aambiwayo, ila ulimi haumtii. Mwenye usonji huenda maneno yasimjie kabisa. Huyo hukaa kando ya bibi yake, na wenziwe hudhani hana la kusema.

Huko Toronto, nchini Kanada, mwaka 1971 walimu wa watoto wa namna hii walizitwaa alama zilizobuniwa na Charles Bliss, wakazipanga ubaoni, na watoto wakasema kwa kuzionyesha. Siku hizi katika nchi kadhaa mbao za picha husimamishwa katika viwanja vya michezo vya wote. Wala si jambo geni kwetu: Nabii Zakaria alipozuiliwa kusema aliwaeleza watu kwa ishara, na Bibi Maryamu alipoulizwa alimwashiria mwanawe.

Ubao wa Singida hauna budi kutengenezwa na watu wa Singida. Uletwao tayari kutoka ng'ambo huenda ukawa na theluji, usiwe na jabali wala mbuzi. Tena Kiswahili hufunga mtendaji, wakati na tendo katika neno moja: nataka, hataki, tutakwenda. Basi picha ya "mimi" na ikae karibu na ya "taka", na alama ya kukana iwe peke yake, mtoto aunge mwenyewe.

Wengi wakiulizwa picha gani zitangulie watasema maji, mpira, choo. Ni kweli zahitajiwa. Mimi ningetanguliza "sitaki", "basi", "ngoja" na "naumwa". Mtoto mwenye "maji" aweza kuomba. Mwenye "sitaki" aweza kujilinda, hata na mtu mzima amshikaye vibaya.

Bati huchoma mkono juani. Lakini kuta za shule zetu nyingi zimechorwa herufi na ramani, na mchoraji yule yule aweza kuchora picha hizi kwenye ukuta wenye kivuli, kimo cha mtoto aliye katika kiti cha magurudumu, zikiachana vya kutosha ili mkono utetemekao usiguse mbili pamoja.

Mtoto kiziwi ana lugha yake ya alama, na ubao usiwe kisingizio cha kumnyima. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa tangu 1963. Kiwanja cha jioni, hata hivyo, hakina mwalimu. Kwa hiyo kaka na dada wasemao na waiguse picha ya "ngoja" kila wasemapo ngoja, na wamsubiri yule asiyesema mpaka kidole chake kifike.