Kompyuta Inapougua, Amana za Watu Zi Wapi?

Huku Laare, katika nchi ya Igembe, umeme hukatika bila kubisha hodi. Usiku mmoja ulikatika kompyuta ya madrasa ikiwa katikati ya kupokea masasisho ya Windows. Tangu hapo ikawa kila programu hujifunga yenyewe, na ujumbe wa hitilafu hauondoki kwenye kioo. Fundi mmoja wa sokoni alitaka tumwachie chombo pamoja na neno la siri, akafute vyote na kuweka mfumo mpya.

Tulikataa. Hatumtuhumu mtu, mafundi wengi ni watu wa haya. Lakini ndani mlikuwa na orodha ya wajane na mayatima wanaopokea zaka, pamoja na nambari za vitambulisho vyao. Mlikuwa na picha za mabinti siku ya khitma. Na mlikuwa na jambo zito zaidi: mashtaka ya ndoa ambayo dada zetu walituandikia wakitafuta suluhu. Mmoja wao aliposikia habari ya fundi alikuja akasimama mlangoni, akauliza neno moja tu: “Na barua yangu imo?”

Ilikuwamo.

Yafaa ijulikane kwamba faili za mfumo ni kama kuta za nyumba, na faili zetu ni kama sanduku lililomo chumbani. Ukuta ukipata ufa, sanduku halichomwi. Kwanza tulinakili vyetu vyote kwenye diski ya nje. Kisha tukafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, tukaandika: sfc /scannow. Amri hiyo hulinganisha faili za mfumo na nakala safi zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta, na iliyoharibika huibadilisha. Ilitujibu kuwa baadhi zimeishinda, maana nakala zenyewe zilikuwa na kasoro. Basi tukaandika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo kwa kawaida huleta nakala nzima kwa njia ya intaneti, kisha tukairudia ile ya kwanza. Kabla ya adhuhuri kompyuta ilikuwa imepona, bila malipo.

Ikiwa fundi hana budi, mama msomaji, toa vyako kwanza, kisha keti naye mpaka amalize. Wala usidanganyike kuwa kilichofutwa kimetoweka: katika diski nyingi hubakia mpaka kiandikwe juu yake kitu kingine, na mjuzi aweza kukirejesha. Kumbuka hilo unapouza kompyuta kuukuu.

Dini yetu imetukataza kupeleleza na kuingia nyumba za watu bila idhini. Sheria ya Kenya nayo haiko mbali: Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu wa madrasa wanaopenda kurusha picha za maulidi mitandaoni na wasikie.

Zile barua hazimo tena katika kompyuta. Kila moja tuliichapa, tukamkabidhi mwenyewe mkononi, na nakala tukazifuta. Orodha ya zaka iko kwenye diski iliyofungwa kwa neno la siri, ndani ya kabati la ofisi, na ufunguo anao mweka hazina.