Spika Ndogo na Sauti ya Mtangazaji

Spika za rafu ni spika ndogo za stirio. Kwa kawaida kila boksi huwa na spika ya besi ya inchi tano hadi sita na nusu, na twita ya kutoa sauti za juu. Hazikuundwa kutikisa ukumbi wa harusi. Jozi nzuri iliyopangwa sawasawa hutandaza muziki mbele ya msikilizaji kama jukwaa: mwimbaji husikika katikati, pasipo na spika yoyote, fidla zikiwa kushoto na akodiani kulia, nyuma kidogo.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu ubongo hulinganisha kinachofika kwenye masikio mawili, ukitambua hata tofauti ya muda isiyofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya stirio mwaka 1931 kwa msingi huo. Kwa hiyo spika mbili za jozi lazima zifanane kwa kila hali. Moja ikipwaya, mwimbaji huvutwa upande.

Fundi mitambo aliyeandika kumbukumbu hizi alijifunzia kusikiliza Dar es Salaam, katika chumba cha mitambo cha kituo cha redio. Mtangazaji alisalimiana na mafundi mlangoni, akaingia studio, na dakika chache baadaye sauti ile ile ikatoka kwenye spika. Spika mbovu ilijulikana hapo hapo, maana mtu mzima wa afya alisikika kana kwamba ana mafua. Tangu hapo fundi huyo hakupima spika kwa besi, bali kwa sauti ya mtu anayemfahamu.

Wahandisi wa BBC walishikilia kipimo hicho hicho. Katika miaka ya 1970 walihitaji spika ya kutumia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo spika kubwa haikai. Wakaunda LS3/5A, boksi la plaiwudi lisilo na tundu, lenye kimo cha sentimita 30 hivi, likiwa na spika za kampuni ya KEF na kitambaa kizito kilichozunguka twita ili sauti isidunde kwenye kingo. Besi yake ni fupi, lakini sauti ya binadamu huitoa kwa uaminifu ambao spika nyingi za bei kubwa hazijaufikia. Kampuni kama Rogers na Spendor ziliitengeneza kwa leseni.

Baada ya redio, fundi aliendelea kuwachagulia watu spika, nyingi zikiwa za mtumba. Kitu cha kwanza kuangalia ni ukingo unaoshika koni. Ukingo wa sifongo huoza kadiri miaka inavyopita, na joto na unyevu wa pwani huuharakisha. Ukiguswa hubaki vumbi kidoleni. Wa mpira hudumu zaidi. Kisha koni husukumwa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa: ikikwaruza ndani, koili imegusa sumaku, na bei yoyote ni hasara. Upande wa amplifaya, spika inayotoa desibeli tatu pungufu kwa wati ile ile hudai nguvu maradufu ili kufikia kiwango kile kile.

Kinachobaki ni chumba, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Sebule ya vigae na kuta tupu za saruji hurudisha sauti ovyo, jukwaa likavurugika hata kwa spika bora. Zulia mbele ya spika na pazia zito ukutani husaidia kuliko kubadilisha nyaya. Spika zenye tundu la hewa nyuma zikisukumwa ndani ya kabati la televisheni huvuma. Ni bora zikae kwenye stendi, mbali kidogo na ukuta, twita ikiwa usawa wa masikio. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi kwenye kiti. Mwimbaji asipotulia katikati na besi ikipotea, waya mwekundu na mweusi zikaguliwe kwanza: huenda upande mmoja zimegeuzwa.

Anayekwenda dukani na abebe rekodi ya mtu anayemjua, akae mbele ya spika, afumbe macho, na asilipe mpaka amsikie mtu huyo katikati.