Watano wa Mbele: Safu ya Ohio State Katika Msimu wa 2014

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Ohio State ilianza msimu wa 2014 ikiwa na safu ya mbele isiyoweza kumlinda kwotabeki wake, ikaumaliza Januari 2015 safu hiyo hiyo ikiwa imewafungulia wenzao njia ya ubingwa wa taifa. Wanaoukumbuka msimu huo mjini Columbus huanza na majina ya waliofunga. Lakini badiliko kubwa lilitokea kwa wachezaji watano ambao kwa kawaida hawaugusi mpira, isipokuwa mmoja wao anayeuanzisha.

Katika mchezo huu timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, hadi ifike mwisho wa uwanja wa yadi 100 na kufunga tachidauni. Kila jaribio huanza na safu ya mbele: senta katikati, gadi mmoja kila upande wake, na mchezaji wa pembeni mmoja kila ncha. Senta humpa mpira kwotabeki aliye nyuma yake, kisha wote watano huwazuia walinzi wa upande wa pili. Mpira ukirushwa, kazi yao ni kumpa kwotabeki sekunde mbili au tatu za kutazama uwanja. Ukikimbizwa, ni kuwasukuma walinzi kando ili mkimbiaji apate mwanya. Watano hao ni kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja: wanne wakipiga sawasawa na wa tano akikosea, chombo huenda mrama. Ndiyo maana safu yenye wachezaji wa wastani waliozoeana huweza kuishinda safu ya wachezaji bora wasiojuana.

Mwaka 2013 Ohio State ilikuwa na safu iliyozoeana. Jack Mewhort, Andrew Norwell, Corey Linsley na Marcus Hall walikuwa wa mwaka wa mwisho, na nyuma yao mkimbiaji Carlos Hyde alipata yadi zaidi ya 1,500. Msimu ulipokwisha wote wanne waliondoka chuoni, na Linsley akawa senta wa Green Bay Packers katika ligi ya kulipwa mwaka huo huo. Kati ya watano walioanza mwaka 2013 alibaki mmoja tu, Taylor Decker, kijana wa karibu mita 2 na uzito wa zaidi ya kilo 140. Naye alihamishwa kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto, ambao huhesabiwa kuwa mgumu zaidi kwa sababu ndio mgongo wa kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia.

Nafasi nne zilizobaki zilijazwa na kocha wa safu, Ed Warinner, aliyetoka Notre Dame mwaka 2012 kujiunga na kocha mkuu Urban Meyer. Gadi wa kushoto alikuwa Billy Price, aliyekuwa hajacheza hata mchezo mmoja wa chuo na aliyesajiliwa kama mlinzi. Senta alikuwa Jacoby Boren, mfupi na mwepesi kuliko wenzake, aliyekuwa msaidizi wa Linsley. Gadi wa kulia alikuwa Pat Elflein, aliyeonja mechi chache mwishoni mwa 2013. Pembeni kulia alikuwa Darryl Baldwin, wa mwaka wa tano, ambaye naye aliwahi kuwa mlinzi kabla ya kuhamishiwa upande wa mashambulizi.

Kwa Price na Baldwin, kuhama upande kulimaanisha kujifunza mwili upya. Mlinzi huufuata mpira, akiuona huuendea. Mchezaji wa safu ya mbele huupa mpira mgongo, hivyo hana budi kujua uliko bila kuutazama. Mlinzi huruhusiwa kumshika na kumwangusha mwenye mpira, lakini mzuiaji akimshika mpinzani jezi timu yake hurudishwa nyuma yadi 10. Nguvu wote wawili walikuwa nazo. Kilichowapungukia kilikuwa mazoea, na mazoea hujengwa kwa marudio.

Muda wa marudio ukafupishwa na pigo jingine. Mnamo Agosti, siku chache kabla ya mechi ya kwanza, kwotabeki Braxton Miller aliumia bega akatolewa kwa msimu mzima. Miller alikuwa na mbio za kumwokoa safu inapovunjika. Nafasi yake ilichukuliwa na J.T. Barrett, aliyekuwa hajawahi kucheza mechi ya chuo. Dhidi ya Navy mjini Baltimore tarehe 30 Agosti, Ohio State ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 7-6, ikashinda 34-17.

Juma moja baadaye kasoro zote zilianikwa hadharani. Tarehe 6 Septemba Virginia Tech ilifika Columbus usiku, mbele ya watu zaidi ya 107,000. Bud Foster, kocha wa ulinzi wa Virginia Tech, aliwapanga walinzi wake watatu uso kwa uso na senta na magadi wawili. Katika mpango wa kawaida angalau mmoja wa watu wa kati hubaki bila mpinzani mbele yake, naye humsaidia mwenzake. Foster aliuondoa msaada huo, kila mtu akabaki na wake. Kisha akawaacha walinzi wa pembeni wawakabili wapokeaji mmoja mmoja bila mtu wa akiba nyuma, ili wengine waliobaki wamvamie Barrett.

Mpango huo ni wa hatari. Kwotabeki akipata sekunde tatu na mpokeaji akamtoka mlinzi wake, hakuna wa kumzuia hadi mstari wa mwisho. Lakini sekunde hizo tatu hazikupatikana. Barrett aliangushwa akiwa na mpira mikononi mara 7, akakamilisha pasi 9 kati ya 29, na mipira mitatu ikanaswa na wapinzani. Mkimbiaji Ezekiel Elliott alipewa mpira mara 8 tu akapata yadi 32. Ohio State ilisawazisha 21-21, kisha ikafungwa 35-21, tachidauni ya mwisho ikitokana na pasi iliyonaswa wakati wenyeji wakijaribu kurudi mchezoni. Katika orodha ya wanahabari timu ilishuka kutoka nafasi ya 8 hadi ya 22.

Hasara ya usiku huo haikuishia kwenye matokeo. Makocha wengine wote wangeitazama filamu ya mchezo, na kila mpinzani sasa alikuwa na mfano wa kuiga. Ohio State haikuwa na njia ila kujifunza kuuvunja mpango ule. Tom Herman, kocha wa mashambulizi, alikuwa na majibu ya aina mbili: pasi fupi za haraka zinazoachiliwa kabla mvamizi hajafika, na pasi ndefu kwa wapokeaji wenye kasi kama Devin Smith ili kuwaadhibu walinzi walioachwa peke yao. La pili lilihitaji muda, na muda ulitegemea safu.

Ratiba iliwapa nafuu kidogo. Tarehe 13 Septemba waliifunga Kent State 66-0, kisha wakapumzika juma moja. Tarehe 27 Septemba walikutana na Cincinnati. Barrett alirusha yadi 330, Elliott akakimbia yadi 182, na timu nzima ikapata yadi 710 katika ushindi wa 50-28. Ulinzi wa Cincinnati haukuwa wa kutisha, lakini tofauti na usiku wa Virginia Tech ilionekana. Wavamizi walipokatana njia ili kuwachanganya wazuiaji, gadi na mwenzake wa pembeni sasa walibadilishana watu badala ya wawili kumfuata mmoja na kumwacha mwingine apite. Mwezi wa Oktoba Maryland ilifungwa 52-24 na Rutgers 56-17.

Uboreshaji huo haukwenda kwa mstari ulionyooka. Tarehe 25 Oktoba, katika uwanja wa Penn State, safu ilirudi nyuma. Kelele za mashabiki zaidi ya 100,000 huwafanya wachezaji wasisikie sauti ya kwotabeki, kwa hiyo mpira huanzishwa kwa ishara na mzuiaji huchelewa nukta kumzidi mlinzi. Barrett aliumia goti, na uongozi wa 17-0 wa kipindi cha kwanza ukayeyuka hadi sare ya 17-17. Timu ilishinda 31-24 katika muda wa nyongeza wa pili, Barrett akifunga mara mbili kwa miguu yake licha ya goti. Watano wale wale waliendelea kuaminiwa, wala Warinner hakuanza kuwabadilisha ovyo.

Uvumilivu huo ulilipa tarehe 8 Novemba mjini East Lansing. Michigan State ilikuwa na ulinzi uliosifika, nayo ndiyo iliyowanyima Ohio State taji la Big Ten, ligi ya vyuo ambayo timu zote mbili huchezea, Desemba 2013. Safari hii Ohio State ilipata yadi 568, pasi 300 na mbio 268, ikashinda 49-37. Usawa wa tarakimu hizo unaeleza mengi. Safu inayoweza kusukuma tu humlazimisha kocha kukimbiza mpira, na inayoweza kulinda tu humlazimisha kurusha. Usiku huo mpinzani hakujua kipi kinakuja. Juma lililofuata, katika theluji ya Minnesota, Barrett alikimbia yadi 86 hadi tachidauni na timu ikashinda 31-24.

Silaha kuu ya safu sasa ilikuwa mbio za katikati zinazotegemea kuzuia kwa ukanda. Katika mtindo huu mzuiaji hapewi mtu wa kumkabili, hupewa eneo. Wawili jirani humsukuma kwa pamoja mlinzi aliye mbele yao, kisha mmoja wao humwachia mwenzake mzigo na kupanda kumkabili mlinzi wa mstari wa pili. Nani aondoke na lini hutegemea mlinzi ameegemea upande gani, na uamuzi hufanywa katika sehemu ya sekunde bila maneno. Akiondoka mapema, mlinzi wa kwanza huponyoka. Akichelewa, wa pili huufikia mwanya kabla ya mkimbiaji. Hakuna ubao wa kocha unaoweza kufundisha kipimo hicho kikamilifu. Price na Boren, Boren na Elflein, walikifikia baada ya kukirudia mazoezini na katika mechi 12.

Katika mechi ya 12, tarehe 29 Novemba dhidi ya Michigan, Barrett alivunjika kifundo cha mguu. Ohio State ilishinda 42-28, lakini ikabaki na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, aliyekuwa hajaanza mechi hata moja. Mnamo Agosti safu ilikuwa mzigo kwa kwotabeki mgeni. Sasa ilikuwa zamu yake kumbeba mgeni.

Tarehe 6 Desemba mjini Indianapolis, katika fainali ya Big Ten, Elliott alikimbia yadi 220, Jones akamrushia Smith tachidauni tatu, na Wisconsin ikafungwa 59-0. Ushindi huo uliiingiza Ohio State katika mashindano mapya ya timu nne ya kumpata bingwa wa taifa, ikiwa timu ya nne. Tarehe 1 Januari 2015 mjini New Orleans ilikutana na Alabama, timu ya kwanza kwa daraja na moja ya zenye ulinzi mgumu zaidi dhidi ya mbio. Ohio State ilikuwa nyuma 21-6, ikageuza mchezo na kushinda 42-35. Elliott alipata yadi 230, kati yake 85 zikiwa za mkimbio mmoja wa dakika za mwisho, mpokeaji Evan Spencer akisaidiana na safu kuufungua mwanya.

Fainali ilichezwa tarehe 12 Januari mjini Arlington, Texas, dhidi ya Oregon ya Marcus Mariota, mshindi wa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Ohio State ilipoteza mpira mara 4, idadi ambayo kwa kawaida humaliza matumaini ya timu. Hata hivyo iliumiliki kwa zaidi ya dakika 37 kati ya 60, kwa sababu Oregon haikuweza kuizuia safu ile. Elliott alipewa mpira mara 36, akapata yadi 246 na tachidauni 4, na mchezo ukaisha 42-20. Katika mechi tatu za mwisho alikuwa amekimbia yadi 696. Mtu huyo huyo ndiye aliyepata yadi 32 dhidi ya Virginia Tech.

Miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba haikuwa bahati ya majuma machache. Decker alichaguliwa na Detroit Lions katika raundi ya kwanza mwaka 2016. Elflein alihamia nafasi ya senta akatwaa tuzo ya Rimington, ya senta bora wa vyuo, mwaka huo huo. Price akafuata njia ile ile na kuitwaa mwaka 2017, msimu aliofikisha mechi 55 alizoanza mfululizo tangu ile ya Navy.

Ohio State ilimaliza msimu wa 2014 kwa ushindi mara 14 na kushindwa mara moja. Vipaji ilikuwa navyo tangu Agosti, na kipigo cha Septemba hakikuviongeza wala kuvipunguza. Kilichoufanya msimu ule ni uamuzi wa makocha wa kuwaacha watano wale wale waendelee kukosea pamoja hadi wakajifunza pamoja, na timu yoyote inayobadilisha safu yake kila inapofungwa inajinyima dawa hiyo.