Protoni na Utatu Mtakatifu

Tumesikia mahubiri kadhaa ya Sherehe ya Utatu Mtakatifu yakitumia mfano huu: protoni ni moja, lakini ndani yake mna kwaki tatu. Ni mfano mtamu. Sisi tunaosoma falsafa, na ambao Mungu akipenda tutahubiri siku moja, tunaomba uachwe.

Protoni haina kwaki tatu tu. Mbili za juu na moja ya chini ndizo zinazoipa chaji yake, ila pamoja nazo jozi za kwaki na antikwaki huzuka na kutoweka bila kukoma. Humo zimo zile ambazo wanafizikia waliziita kwaki ngeni. Mwaka 1933, kule Hamburg, Otto Stern na wenzake walipima usumaku wa protoni, wakaukuta ni zaidi ya mara mbili ya uliotarajiwa. Kwaki zilipokuja kujulikana, likazuka swali: je, hizo ngeni zinachangia kitu katika usumaku huo?

Jibu lilipatikana kwa jasho. Katika maabara za Marekani, ikiwemo ile ya Jefferson huko Virginia, na Mainz nchini Ujerumani, elektroni zilirushwa kwenye haidrojeni zikizunguka upande mmoja, kisha upande wa pili. Tofauti iliyosakwa ilikuwa ya sehemu chache katika milioni. Miaka mingi ya kazi, na matokeo ni haya: mchango huo, kama upo, ni asilimia chache tu, na vipimo haviwezi kuutenga na sifuri. Wakaandika hivyo hivyo.

Hapo mjadala wetu wa jioni ulipamba moto. Mwenzetu mmoja alimkumbuka Mtakatifu Thomaso wa Akwino, aliyefundisha kwamba elementi hubaki ndani ya mchanganyiko kwa nguvu zake, si kwa utendaji kamili. Kwaki ngeni je? Inavutia, lakini Thomaso alizungumzia moto na maji, tukaliacha.

Tena, kwaki ni sehemu ya protoni. Nafsi ya Kimungu si sehemu ya Mungu: Baba ni Mungu mzima, Mwana vivyo hivyo, na Roho Mtakatifu. Kijana anayesoma fizikia chuoni, akiwa ameketi benchi la nyuma, anaweza kuukataa mfano wetu na Nasadiki pamoja nao, na hatatuambia.