Tulipokwenda Dansini

Vijana wa nyumbani wakiniaga kwamba wanakwenda kwenye shoo, huwa nauliza anapiga nani. Wananitajia mwimbaji. Nauliza tena: na gitaa la solo anapiga nani? Hapo hunitazama kama abiria aliyeuliza jina la fundi aliyechomelea basi.

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu, na mwenye jibu hakuhitaji kuwa mwanamuziki. Kinyozi alijua kwamba gitaa la bendi ya Maquis linalialia vile kwa sababu limeshikwa na Nguza Viking. Muuza kahawa alijua kwamba fundi mkuu wa Mlimani Park, bendi tuliyoiita Sikinde, ni Michael Enoch, na kwamba ile sauti inayopanda juu ya zote ni ya Hassan Bitchuka. Nyumbani kwetu Magomeni tuliishi Simba na Yanga kwa amani, lakini bendi za Msondo na Sikinde zilitununisha. Kaka zangu walikuwa Msondo. Mama mdogo alikuwa Sikinde wa kufa na kuzikana.

Yeye ndiye aliyenipeleka dansini, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, hajaolewa, amepanga chumba na kodi analipa mwenyewe, mambo ambayo mama yangu hakuyapenda hata kidogo. Nilikuwa nimemaliza shule, nimekaa nyumbani nasubiri kazi. Ruhusa ilipatikana baada ya maneno mengi. "Dada, huyu mwanao na mimi ni mwanangu," alimwambia mama. "Nitamrudisha kama nilivyomchukua." Alivaa malapa kwa sababu ya tope, viatu vya mchuchumio akavitia kwenye kikapu, akavibadilisha pale mlangoni DDC Kariakoo baada ya kutulipia kiingilio. Wanawake wote pale mlangoni walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wameshikana mabega wasianguke.

Nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda. Sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni, na bia kwa kujuana na mhudumu. Ukumbi ulijaa hivyo hivyo, hasa mwisho wa mwezi.

Wapigaji nao walikuwa wanangoja mwisho wa mwezi, maana walikuwa waajiriwa. Kijana wa leo ni vigumu kumweleza jambo hili akaamini. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka JUWATA bendi nayo ikageuka jina, kikaja kuwa OTTU ikageuka tena, mpaka watu wakachoka wakaiita Msondo, basi. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, ikaja kuwa mali ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, mabasi ya UDA yalikuwa na UDA Jazz, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, na polisi, magereza na jeshi walikuwa na za kwao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpiga tarumbeta aliamka asubuhi akaenda mazoezini kama karani anavyokwenda ofisini, na ndiyo maana bendi iliweza kuwa na watu wengi vile bila kuvunjika kila baada ya miezi.

Wimbo ulianza taratibu. Beti zilikuwa za kusikiliza: mke kaachwa kwa hasira, mtoto kasahau wazazi kijijini, mfanyakazi kakopa hadi mshahara umeisha kabla haujatoka. Watu walicheza wameshikana, hatua ndogo ndogo, na wengine walikaa tu na chupa zao wakifuata maneno. Beti zikiisha, tarumbeta na saksafoni zinaingia, magitaa yanaanza kujibizana, na hapo ndipo chemko. Kwenye chemko hapakuwa na saa. Kiongozi wa bendi alitazama sakafu. Kama imejaa, hafungi wimbo. Niliwahi kutoka nje kununua mishikaki, nikala, nikapiga soga na mwenye jiko, nikarudi nikakuta wimbo ni ule ule na mama mdogo yuko pale pale, kavua viatu.

Na wimbo mpya haukuanzia redioni. Ulianzia pale. Nilishuhudia mmoja ukiletwa kwa mara ya kwanza, watu wakakaa vitini. Hakuna aliyezomea, walikaa tu, na waliokuwa wanacheza wakaenda kutafuta vinywaji. Uliporudi wiki zilizofuata, kiitikio kilikuwa kimesogezwa mbele na tarumbeta zimepunguzwa kelele. Sakafu ikajaa. Ulipokuja kusikika Radio Tanzania baada ya kurekodiwa kule Barabara ya Pugu, mama mdogo alikunja uso: "Mbona wameukata?" Kweli ulikuwa umekatwa. Studio ilikuwa na dakika zake, na redio ilikuwa na vipindi vyake. Nyimbo tunazozisikia leo kwenye simu, zile tunazoziita zilipendwa, nyingi ni hizo zilizokatwa. Zile ndefu, za ukumbini, ambazo kila Jumamosi zilikuwa na mkia wake, hakuna aliyezinasa.

Kuna jambo dogo lililonifanya nianze kutazama mikono ya wapigaji badala ya nguo zao. Katikati ya chemko uzi wa gitaa la solo ulikatika. Mpiga rizimu hakugeuka hata kutazama; alipanda tu akashika ile sehemu ya solo, akiacha pengo ambalo besi ililiziba papo hapo. Mwenye saksafoni akasogea mbele. Yule wa solo alichuchumaa karibu na amplifaya, akafunga uzi mpya, akalaza sikio kwenye ubao wa gitaa na kuukaza huku ukumbi mzima unanguruma. Aliposimama hakupiga kitu kingine: alianza na uzi ule ule mpya, peke yake, akiukwaruza noti moja moja. Ukumbi ulilipuka. Mama mdogo akapasua umati, akalamba noti na kuibandika kwenye paji la uso wa yule bwana. Ilikuwa hela ya mshahara wake, na aliporudi alinikataza nisimwambie mama.

Kutunza kwa namna ile kulikuwa kwa kila mtu, si kwa matajiri. Mtunzaji alipita mbele ya watu na chochote alichonacho, na mwanamuziki alijua nani kampa na kwa kipande gani. Usiku wa vunja jungu, Ramadhani ikikaribia, noti zilipepea kama hakuna kesho. Kisha bendi zilikaa kimya mwezi mzima zikitunga, na Idi Mosi kila moja ilitoka na vibao vipya. Usiku ule mtu alilazimika kuchagua ukumbi mmoja na kusimuliwa mwingine. Kaka zangu walikwenda Amana, Ilala, sisi Kariakoo. Asubuhi ya Idi Pili, kwenye chai na vitumbua, kesi ilisikilizwa upya.

Mwaka 1985 waimbaji Muhidin Gurumo na Bitchuka waliondoka Mlimani Park wakaenda kuunda bendi ya Safari Sound ya mtindo wa Ndekule. Mji haukuzungumza kingine. Mama mdogo alinuna siku kadhaa, akaapa hatakanyaga Ndekule, kisha akakanyaga. "Nakwenda kuona kama wanaweza," alisema. Walikuwa wanaweza.

Kulikuwa pia na Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila. Huyo alitoka Kindu, Kongo, akaizoea Dar es Salaam mpaka kituo cha basi kikaitwa Sinza kwa Remmy, na kinaitwa hivyo hadi leo. Alipoimba kuhusu kondomu wakati ukimwi unazikisha watu na hakuna anayethubutu kuutaja, Radio Tanzania haikuupiga wimbo ule. Lakini mji mzima uliujua kwa moyo, kwa sababu watu waliusikia ukumbini. Nawakumbuka wanaume wazima wakiinamisha vichwa kwa aibu huku miguu inacheza. Sidhani kama semina yoyote iliwahi kufanya kazi ile.

Mambo hayakuharibika kwa siku moja. Mageuzi ya uchumi yalipoanza, mashirika yakaambiwa yajitegemee, na shirika linalohesabu senti halinunui amplifaya. Vyombo vikachakaa. Wapigaji wazuri wakaenda hotelini, wengine Uarabuni na Japani, wengine kanisani: Cosmas Chidumule aliacha dansi akawa mwimba Injili, na hata Remmy mwishoni mwa maisha yake alifuata njia hiyo. Disko lilikuwa na kiingilio nafuu na halikuwa na mshahara wa watu kumi na tano. Zikaja redio za binafsi katika miaka ya 1990, zikaja kompyuta za kutengenezea midundo, na vijana ambao hakuna shirika lingewanunulia gitaa wakapata njia ya kuimba bila gitaa. Siwalaumu. Ningekuwa na umri wao ningefanya hivyo hivyo.

Kumbi hazikufa hapo, nisiongope. Mwishoni mwa miaka ya 1990 bendi ya Twanga Pepeta iliwasha moto Mango Garden, Kinondoni, na FM Academia ikaleta mtindo wake wa Ngwasuma. Nilicheza sana, tena nikiwa mama wa watoto. Ila nilianza kuona macho ya watu yamehama. Jukwaani kulikuwa na wanenguaji, na rapa alikuwa anataja majina ya mapedeshee waliokaa meza za mbele. Fedha iliyokuwa ikibandikwa kwenye paji la uso la mpiga gitaa sasa ilikuwa inanunua jina kutajwa. Mwenye pesa alilipa ajisikie, mpiga gitaa akabaki nyuma kwenye giza akifanya kazi ile ile.

Baadaye ikawa matamasha. Uwanja mkubwa, jukwaa refu kuliko nyumba, taa za rangi, wasanii kumi na zaidi, kila mmoja nyimbo tatu. Kwa utaratibu huo bendi haiwezekani, na hili watu hawalifikirii: kufunga na kufungua vyombo vya bendi kumi kungemaliza usiku. Basi msanii anakuja na CD, siku hizi flashi, DJ anabonyeza, yeye anashika maiki. Nilimsindikiza binti yangu kwenye tamasha moja la namna hiyo. Msanii aliyekuwa anasubiriwa kuliko wote alipanda, watu wakapiga mayowe, na katikati ya wimbo wa pili CD ikakwama, ikawa inarudia neno lile lile. Alisimama. Alimtazama DJ. Akasema "tunaendelea kuwepo" mara kadhaa, akacheka, akatupa kofia yake kwa watu. Hapakuwa na mtu wa kupanda ashike ile sehemu. Binti yangu na wenzake walishangilia kofia, na walirudi nyumbani wamefurahi sana, kwa hiyo pengine tatizo lilikuwa kwangu. Lakini nilimwona yule kijana alivyotokwa jasho, na sauti yake alipojaribu kuimba peke yake sentensi moja ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwenye CD. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kujua hilo.

Kinachonipa moyo nilikikuta Zanzibar. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na sharti lake ni kwamba anayepanda jukwaani apige laivu. Mle Ngome Kongwe nilimwona Bi Kidude, bibi kizee asiyejua umri wake, akiweka kando sigara na kuanza kuimba, na vijana waliokuwa wanapiga kelele nyuma wakanyamaza bila kuambiwa. Tamasha hilo lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Siku hizi hata wasanii wa Bongo Fleva wanakodi wapigaji wanapotaka kuonyesha kwamba wanaweza. Binti yangu alinipigia simu kutoka kwenye shoo ya mmoja wao kuniambia kuna dada anapiga besi. Jina lake hakulijua, lakini angalau alimwona.

Waliotuchezesha wanaondoka. Mwimbaji Marijani Rajabu alitangulia mwaka 1995, TX Moshi William wa Msondo 2006, Remmy 2010, Bi Kidude 2013, Gurumo 2014. Mama mdogo yupo, magoti yanamsumbua, na mjukuu wake humwekea Sikinde kwenye simu. Husikiliza hadi mwisho, kisha hulalamika vile vile: wameukata.

Msondo na Sikinde bado zipo, na wamo ndani yake wazee waliopiga tangu enzi hizo na vijana waliofundishwa nao. Wewe unayesoma, kama uko Dar es Salaam, ulizia wanapiga ukumbi gani Jumamosi hii. Ukienda, fika mapema. Nyimbo za mwanzo, zile zinazopigwa watu wakiwa bado wachache na viti vingi viko wazi, ndizo wapigaji wanazojipigia wenyewe, na hawazikati.